Matundu Matatu ya Upande Mmoja

Alhamisi, baada ya alasiri.

Kusi linavuma tangu asubuhi na bati la jirani linagonga bila kupumzika. Jua ni kali, hewa ni baridi. Juu ya paa letu paneli ya umeme wa jua inakula jua lisilokuwa na pa kwenda, kwa sababu fyuzi nimeichomoa na ipo hapa mezani, karibu na daftari.

Mama Mkubwa hajarudi.

Siku za kufua hurudi kabla ya adhana ya alasiri. Huja ananuka sabuni, huweka kapu mlangoni, hunywa maji akiwa ameketi kwenye ngazi ya kwanza, kisha ndipo huingia. Leo hata si siku ya kufua, lakini adhana imepita, watu wametoka msikitini, wavuvi wa mtaa wetu wa Badjanani wameshagawana walichopata, na ngazi ya kwanza haina mtu.

Ameondoka na chupa.

Nitaandika ilivyokuwa kwa mpangilio, kama baba alivyonifundisha kuandika hitilafu ya redio: kwanza kilichoonekana, kisha kilichofanywa, mwisho kilichosababisha. Naandika kwa Kiswahili, lugha yangu na baba. Yeye alijifunza ufundi Unguja akiwa kijana, akarudi nayo Mutsamudu pamoja na koleo na bisibisi zake. Katika nyumba hii hakuna mwingine anayeijua vizuri. Mama Mkubwa huelewa nusu. Nilidhani nusu hiyo ni ndogo.

Nyumba hii ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, na kabla yake ya mama yake. Huku kwetu nyumba ni ya wanawake. Bibi alikuwa na mabinti wawili. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, baba akanichukua kwao Mutsamudu, na nyumba ikabaki na Mama Mkubwa, ambaye hakujaaliwa mtoto. Nilipofaulu kuingia lise, shule ya sekondari ya Moroni, nilikuja kukaa naye. Siku ya kwanza alinionyesha ufunguo, mrefu kama kiganja, akaniambia kwamba huo unanisubiri mimi, na kwamba nisiwe na haraka.

Alikuwa anacheka aliposema hivyo.

Sasa habari ya mikono ya baba. Mwaka juzi wanajeshi wa kikosi cha walinzi wa rais walifika kwenye karakana yake Mutsamudu, na mzungu mmoja wa mamluki wanaowaamuru. Juu ya meza palikuwa na redio ya mteja imefunguliwa, waya nje. Wakasema ni mtambo wa kupeleka habari. Baba akaanza kuwaeleza kila kipande kazi yake, kwa adabu, kama anavyonieleza mimi. Walimchukua. Alirudi baada ya siku arobaini, na vidole vyake havikunjuki tena. Hawezi kushika bisibisi. Hawezi kushika kalamu. Kijiko anakishika kwa viganja viwili.

Kwa hiyo hutuma kaseti. Husema ndani ya redio kaseti, msafiri huileta Moroni, nami humsikiliza, halafu hurekodi upande wa pili na kumrudishia.

Mfuko uleule uliomlipa askari aliyemvunja baba vidole humlipa Mama Mkubwa. Anafua nguo za mamluki, katika nyumba yao moja iliyo njia ya Itsandra. Mashati, suruali zenye mifuko mingi, mashuka. Nimekula chakula cha kazi hiyo kwa miaka miwili, na kila nilipokula nilimdharau. Sikusema. Niliosha kisahani changu mwenyewe, nikajiona msafi.

Likizo iliyopita nilikwenda Mutsamudu. Baba alikuwa ameiweka paneli chini ya kitanda chake, imefungwa ndani ya godoro kuukuu. Alipewa zamani na mhandisi wa meli iliyotia nanga bandarini, kwa kumtengenezea redio, wakati mikono ilikuwa bado mikono. Akasema: "Nyumba ya mama yako haina umeme wa mji. Utasomaje? Mikono huna wewe?"

Nikasema ninayo.

"Basi kuanzia leo mikono hiyo ni yangu."

Kwa siku tisa alinifundisha kwa mdomo tu. Kufunika paneli kwa kitambaa kizito kabla ya kugusa waya. Fyuzi ikae shibiri moja kutoka ncha ya chanya, isizidi, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukikatia moto. Kufunga, anza na chanya. Kufungua, anza na hasi. Waya mnene, maana volti kumi na mbili ni chache na waya mwembamba huzila njiani. Betri ikae juu ya ubao, nje ya chumba cha kulala, penye hewa, kwa kuwa ikijaa hutoa gesi inayowaka. Usiikaribie na koroboi. Vua bangili. Weka karibu magadi na ndoo ya maji, asidi ikikurukia. Maji ya betri ni yale yaliyochemshwa yakavukizwa, au ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka mbinguni kwenye beseni safi la plastiki, yasiguse paa wala birika la kuhifadhia maji. Na kama betri imemwagika, usiongeze maji. Niambie kwanza.

Nilirudia yote hayo mbele yake mara tatu bila kukosea. Akasema nina kichwa kizuri.

Kichwa kizuri.

Kilichokosekana ni betri. Nilimwambia Mama Mkubwa, nami sikutarajia kitu. Baada ya wiki mbili nikatoka shuleni nikaikuta chini ya ngazi za mawe, betri nzito ya lori, imekaa kwenye ubao. Alikuwa ameshaoga na kujifunga leso kichwani hadi shingoni, ameketi.

"Umeipata wapi?"

"Walikuwa wanaitupa."

"Imekujaje?"

"Imekuja. Si unaiona?"

Nikavua bangili, nikaifungua vifuniko. Betri ina matundu sita, kila moja na maji yake ya asidi. Matatu ya upande wa kulia yalikuwa yamejaa vizuri. Matatu ya upande wa kushoto yalikuwa chini sana, mabamba ya madini ya risasi yanaonekana kama mbavu. Nikamwuliza kama ilimwagika njiani. Nakumbuka niliuliza bila kugeuka, nikitazama matundu.

"Haikumwagika," alisema.

Nikaongeza maji ya mvua. Sikumwambia baba, kwa kuwa niliambiwa haikumwagika, na kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kuona taa.

Wiki ile Mama Mkubwa aliugua homa. Alilala ubavu mmoja tu. Alikwenda kufua vilevile. Na tangu wiki ile hakuniita tena kumsuka nywele, kazi niliyokuwa nikimfanyia kila Ijumaa baada ya sala. Niliona ajabu kidogo. Kisha nikafurahi, kwa sababu nilipata saa moja zaidi ya kusoma.

Hilo ni ungamo la kwanza.

Taa iliwaka. Siwezi kuandika uongo, ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizokaa Moroni. Niliweka paneli juu ya paa ikitazama kaskazini, nikaifunga kwa waya wa chuma ili kusi lisiibebe. Nikaweka dayodi ili betri isirudishe umeme kwenye paneli jua likizama. Nikaweka fyuzi, nikaweka swichi, nikaweka balbu ya taa ya gari ndani ya kopo la maziwa lililokatwa ili mwanga uanguke kwenye kitabu. Nikaigusa kila ncha kuona kama imeshika. Halafu nikaondoa kitambaa juu ya paneli na kushuka mbio. Mama Mkubwa alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema: "Laiti mama yako angeiona."

Majirani wakaja kutazama. Wanawake walileta mchele wao wa kuchagua kwetu magharibi ikikaribia, kisingizio ni mwanga. Mmoja wao ni Bi Moinaecha, anayefua nyumba ileile na Mama Mkubwa, mwenye maneno mengi na meno machache. Aliingia akipiga kelele: "Hodi nyumba ya umeme! Nani ataniunguza leo?" Wakacheka. Nilikuwa na fahari hadi masikio yanawaka.

Lakini taa haikudumu. Mwanzo iliwaka kwa saa mbili, kisha moja na nusu, kisha moja. Nilipima kila siku. Mwalimu wetu wa fizikia aliniazima kipimo cha asidi, kile cha kioo chenye kielea ndani yake. Matundu ya kulia, kielea kilipanda vizuri. Ya kushoto, yote matatu, kilizama. Niliandika tarakimu kwenye daftari hili, kwa wino, nikazipigia mstari kwa rula.

Niliandika, na sikufikiri.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatano, nilitoka shuleni na kufungua vifuniko kama kawaida. Tundu la kwanza la kushoto lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Maji yake yalikuwa ya njano. Nikainama. Harufu ya marashi.

Nilijua mara moja. Kwenye rafu ya Mama Mkubwa palikuwa na chupa ya kombe. Fundi wa chuo cha Kurani humwandikia mgonjwa aya kwa zafarani juu ya sahani, huziosha kwa maji na marashi ya waridi, na mgonjwa hunywa. Nimelinywa mimi mwenyewe nikiwa na surua. Na sasa lilikuwa ndani ya betri yangu, zimebaki chini ya wiki nne kabla ya mtihani.

Niliingia ukumbini na kifuniko mkononi. Wanawake wanne walikuwa wamekaa na nyungo zao, Bi Moinaecha miongoni mwao. Mama Mkubwa alikuwa katikati.

"Nani ametia kombe kwenye betri?"

"Mimi," alisema Mama Mkubwa. Wala hakujificha. "Niliona inadhoofika kila siku. Nimeitilia dawa kidogo."

"Dawa! Betri ni mtu?"

Bi Moinaecha akasema, "Taratibu, bibie, unasema na mama yako."

"Mama yangu amekufa," nikasema.

Ningeishia hapo ingekuwa vibaya vya kutosha. Sikuishia hapo. Ninaandika maneno yenyewe kwa sababu yalisikiwa na watu wanne na Mungu, na daftari halina haki ya kupata toleo lililooshwa. Nilisema:

"Mungu alijua kwa nini alikunyima binti. Na nyumba hii ikiwa yangu, mfuaji wa mamluki hatalala ndani yake."

Nyungo zilisimama. Mmoja akasema astaghfirullah, kwa sauti ndogo. Mama Mkubwa alikuwa na punje mbili za mchele katikati ya vidole. Alizitazama, akatupa moja.

"Mchele huu una mawe mengi," alisema.

Akaendelea kuchagua.

Hakunipiga. Hakunisema usiku ule wala asubuhi. Chakula kilikuwa mezani saa zilezile. Tofauti ilikuwa moja: hakuniita tena mwanangu. Alipotaka kitu alikisema kwa hewa tu, kama mtu anayepita: maji yamekwisha, mlango uko wazi. Nami nilijiambia kwamba nina haki. Nilinyonya lile tundu kwa bomba la kioo, nikiwa na glavu, nikajaza maji ya mvua upya. Taa ikashuka hadi dakika arobaini. Nikarudi kwenye koroboi, macho yananiwasha, na kila yaliponiwasha nilimlaumu yeye.

Nikamrekodia baba upande mzima wa kaseti. Nilimsomea tarakimu zote. Nilimwambia kuhusu kombe, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Maneno niliyomwambia Mama Mkubwa sikuyasema.

Hilo ni ungamo la pili.

Jibu lilifika juzi, Jumanne. Nilikwenda kulichukua kwa msafiri, nikarudi adhuhuri. Betri haikuwa na nguvu ya kuzungusha kaseti, kwa hiyo nikaweka betri ndogo za tochi. Mama Mkubwa alikuwa chumba cha pili akikunja nguo. Mlango ni pazia.

Sauti ya baba ilianza kwa bismillahi na salamu za Mutsamudu nzima. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayekagua saketi:

"Hairiya, mwanangu, hukuisoma kazi yako. Kombe uliliona katika tundu moja. Matundu dhaifu ni matatu, na yalikuwa dhaifu kabla ya kombe, umenisomea mwenyewe. Yote ya upande mmoja. Betri hiyo ilibebwa imeinama. Asidi ilitoka, wewe ukarudisha maji mahali pa asidi. Sasa nakuuliza jambo. Betri ya lori ina uzito wa mtoto wa miaka minane. Nani aliibeba? Aliibebaje? Asidi ikitoka lazima ipite mahali. Mwangalie ngozi aliyeibeba. Na umwulize kwa adabu."

Mkanda ukakwaruza. Kisha akaongeza kwamba bado inaweza kuokolewa kiasi: itolewe maji yote katika yale matatu, itiwe asidi mpya ya gereji. Lakini asidi hiyo Moroni wanayo wachache, wenye magari mengi.

Nyuma ya pazia kukunja nguo kulikuwa kumekoma.

Nilipofunua pazia hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Jana nilimfuata Bi Moinaecha kwake. Alikuwa anapara samaki, hakuinuka. Nikamwuliza betri ilifikaje kwetu.

"Leo ndio unauliza?"

"Leo."

"Mji mzima unajua, wewe na vitabu vyako hujui." Akakata kichwa cha samaki. "Aliomba mwezi mzima. Kila siku ya kufua, anamwambia yule mkubwa wao, ile betri iliyokaa garini kwenye uzio, nipe, kuna mtoto anasoma. Siku ile wakasema haya. Gari la kuileta lilikuwepo pale pale, dereva ndani. Yule mkubwa akamzuia dereva. Akasema ichukue kwa kichwa. Ikifika getini bila kuanguka, yako. Ikianguka, unatulipa kwa kufua bure mpaka Ramadhani. Wakawekeana dau la sigara."

"Akaibeba?"

"Si iko kwenu? Mmoja alimfuata nyuma anampigia makofi ya gwaride. Moja, mbili. Moja, mbili. Mama yako shingo imeelemea kushoto, hiyo asidi inashuka kwenye kata ya kichwani, inashuka kwenye nywele, inashuka huku." Alijigusa kwa kisu nyuma ya sikio hadi bega. "Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingeanguka. Alipofika getini nikamwambia itue, tumwagie maji. Akasema akiitua hataweza kuiinua tena. Akaenda nayo hadi Badjanani. Teksi zikimwona zinapita, nani anataka asidi kwenye kiti chake?"

Nilisema kwamba nilimwuliza, naye akasema haikumwagika.

"Ulimwuliza yeye au uliiuliza betri?"

Akampasua samaki tumbo.

"Na lile kombe," Bi Moinaecha alisema, "fundi alimwandikia yeye. Kwa kichwa chake. Alikunywa nusu. Nusu akaiwekea betri yako, anasema ni yeye aliyeiharibu njiani na anaona haya kukwambia." Akatupa matumbo ya samaki kwa paka. "Nasi tulikaa pale tunachagua mchele, tunakusikiliza. Nilitaka kukwambia palepale. Alinibana mguu."

Mama Mkubwa alikuwa anajua kila kitu alipombana mwenzake mguu ili mimi nisiaibike. Naandika sentensi hii mara moja na sitairudia.

Nilirudi nyumbani. Desturi ya hapa ni kwamba anayekwenda kwenye mtihani huomba radhi kwa mzazi wake kwanza. Bila radhi hakuna anayethubutu kushika kalamu. Mtihani ni Jumatatu. Hata hili linanitia aibu, kwa sababu sijui, nilipopiga magoti mbele yake jana magharibi, ni kiasi gani nilipiga magoti kwa ajili yake na kiasi gani kwa ajili ya Jumatatu.

Nilimwambia nimejua. Nikamwomba anionyeshe.

Alifungua leso. Upande wa kushoto, kutoka juu ya sikio, hakuna nywele. Ngozi ni ya waridi na inang'aa, imekunjamana kama karatasi iliyoloa ikakauka. Imeteremka nyuma ya sikio, sikio lenyewe limepungua, ikaingia begani. Nywele hizo nilizisuka kila Ijumaa kwa miaka miwili. Nilijua kila mstari wake.

Nikasema, "Nipe radhi, Mama."

"Nimekupa," alisema. "Kwa mama yako na kwa baba yako, nimekupa. Ufaulu."

Kisha akafungua pindo la leso yake. Akatoa ufunguo wa nyumba, ule mrefu, akauweka sakafuni mbele ya magoti yangu. Aliuweka taratibu, kama kitu kinavyowekwa mbele ya mtu mkubwa.

"Ukimaliza mtihani," alisema, "utaniambia nilale wapi."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Ningeijua hasira, ningeishika, ningelia nayo. Aliuliza kama mpangaji anavyomwuliza mwenye nyumba. Niliusukuma ufunguo kwake. Akausogeza mguu wake ili usimguse, akainuka kwenda kupika.

Leo alfajiri nilisikia mlango. Nilidhani amekwenda kuteka maji. Kulipopambazuka nikaona kapu la kufulia halipo, na leo si siku yake ya kufua. Nikaangalia rafu. Chupa ya kombe, ile tupu, ya kioo kinene, haipo. Kizibo chake cha mpira hakipo.

Nusu yake ya Kiswahili ilitosha kuelewa asidi ya gereji, na wenye magari mengi, ambao ni walewale anaowafulia.

Nilikwenda shule kwa sababu nilishindwa kufikiri jambo jingine. Nilikaa darasani, mwalimu akarudia somo la mkondo na ukinzani, nikajibu swali nikapata. Nilipotoka nikapita kwa Bi Moinaecha. Hakuwa amemwona. Alisema leo wale wako nyumbani wote, wamekunywa tangu asubuhi. Alisema hivyo halafu akanyamaza, na kwa mwanamke yule kunyamaza ni jambo kubwa.

Sijui watamtaka nini leo kwa chupa moja. Sijui ataibeba wapi ikijaa. Mkononi, kapuni, au juu ya upande uliobaki wa kichwa chake. Najua tu kwamba wakimwambia ichukue hivi, ataichukua hivi, na hatapiga kelele, kwa sababu kuna mtoto anasoma.

Nilitaka kungoja hadi arudi. Nilianza kuandika ili kungoja kupite. Sasa bati la jirani limenyamaza, kivuli cha mnara kimevuka uchochoro, na nimefika mwisho wa hitilafu: kilichoonekana, kilichofanywa, kilichosababisha. Kila ninaporudi kwenye mstari wa tatu nakuta jina langu.

Paneli nimeifunika. Hasi nimeifungua kwanza, kisha chanya. Bangili zimo mfukoni. Nimetia magadi yote ya jikoni kwenye kopo, nimejaza dumu maji ya birika, na nimechukua leso safi ya pamba. Asidi ikimrukia, maji mengi na magadi, palepale, bila kungoja kufika nyumbani. Hivi ndivyo nilivyofundishwa, na nilikariri mara tatu bila kukosea.

Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso hiyo. Nikimkuta nitamwambia nyumba ni yake, na nitamwomba mimi mahali pa kulala. Anaweza kukataa. Ana haki ya kukataa mbele ya njia nzima, mbele ya teksi na watu wanaorudi Ikoni na Itsandra, kwa sauti kubwa kama yangu ilivyokuwa.

Nafunga daftari. Nakwenda njia ya Itsandra kumpokea, na atakachokuwa amebeba nitakibeba mimi.